Nusu Pumzi na Matairi Mapya

Mume wa dada yangu ni dereva, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, nyumbani na hata misibani anaitwa Nusu Pumzi. Madereva wenzake walimpa jina hilo enzi za malori ya zamani, kwa sababu kila walipofika mahali lami inapokatika na mchanga kuanza, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuruka chini, kupiga magoti kando ya gurudumu na kusema, "Mpeni nusu pumzi. Akishiba hapiti."

Mgeni akiuliza maana yake, alieleza bila kuchoka. Tairi lililojaa upepo ni gumu, na pale linapokanyaga ni jembamba. Juu ya mchanga linachimba kama jembe, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo unavyojizika. Ukilipunguzia upepo linalala, linatandaza unyayo, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuzama ndani yake. Elimu hiyo aliipata barabarani. Mimi niliipata kwake, maana nilikuwa mtunza stoo wa idara yake, na mara nyingi nilipanda gari lake kusindikiza mizigo kwenda kambi ya machimbo ya mawe.

Barabara ya kambini ni ileile mpaka leo. Kwanza lami, kisha bonde la mchanga, kisha kilima cha mawe makali, halafu kambi. Kilichobadilika ni watu. Zamani pale lami inapoishia palikuwa na maisha. Gari likisimama, wote walishuka, hata kama mvua inanyesha. Mmoja alishika vifuniko vya valvu visipotee mchangani, mwingine alitangulia bondeni kuangalia njia iliyo imara, na wakati wa kurudi watu walipokezana pampu ya mguu kuyajaza matairi upya, maana huwezi kukimbia kwenye lami na matairi yaliyolegea. Mkuu wa kambi alipampu. Mpishi alipampu. Mhasibu mmoja mnene, mtu wa kutisha, alipampu mpaka akavua shati, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwogopa tena dirishani kwake. Dada yangu mwenyewe alimpata mume pale, akiwa abiria aliyeshikishwa kifuniko cha valvu. Anasema kosa lake ni kukirudisha.

Baadaye watu wakaacha kushuka. Dereva alichomeka pampu ya umeme, abiria wakabaki ndani wamefunga vioo, kila mmoja ameinamia simu yake. Walifika kambini baada ya nusu siku ya safari bila kujua aliyekaa siti ya nyuma ni nani. Nikiyasema haya wajukuu zangu wananiambia, babu, umeanza. Ndiyo, nimeanza, na sioni sababu ya kumaliza.

Lakini nimekaa kuandika juu ya Nusu Pumzi, na sitaki kumsifu tu, kwa sababu mtu huyu ananichosha. Kipimo chake kilikuwa tofali. Alikuwa nalo chini ya siti, tofali la kuchoma lililolainika kona zote. Analisimamisha kando ya tairi, anaacha nafasi ya kidole kimoja kati ya tofali na ubavu wa tairi, kisha anafungua valvu. Upepo ukitoka, ubavu unavimba kwa nje kama tumbo la mtu aliyefungua mkanda. Tumbo likigusa tofali, anafunga. Kwa miaka yote ya malori ya zamani tofali hilo halikumwangusha, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumfundisha kitu.

Kisha malori yakauzwa chuma chakavu, na idara ikaleta pikapu mpya yenye matairi ya kisasa. Katika muda mfupi Nusu Pumzi akakwama bondeni mara mbili. Mara ya pili watu wa kambini walikaa bila maji ya kunywa mpaka kesho yake, na ofisi ikachoka. Wakasema karani wa usafiri atapanda naye safari inayofuata, na akikwama tena, ufunguo wa gari anakabidhiwa dereva mwingine.

Dada yangu alikuja kwangu na habari hiyo kabla hata hajakaa.

"Kaka, Jumatano unasafiri na sisi."

"Mimi nimestaafu. Naenda kufanya nini?"

"Kumziba mdomo shemeji yako. Mimi peke yangu simwezi. Nitasema nampelekea binti yangu nguo za mtoto, na wewe utasema unamsindikiza dada yako."

Binti yao ni muuguzi wa kambi na alikuwa amejifungua, kwa hiyo nguo za mtoto zilikuwa za kweli.

"Na akinyang'anywa ufunguo, si atapumzika? Umri umekwenda," nikasema.

Dada yangu akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga na mtu mzima.

"Umesahau likizo yake? Alikaa nyumbani wiki nzima. Alihamisha kabati la vyombo akasema uzito wote umeegemea upande wa kushoto wa nyumba. Akanikataza kujaza sufuria. Jirani akija anamwambia apaki ndala zake zikiangalia nje. Kaka, huyu mtu akikaa nyumbani moja kwa moja, mimi nitahama."

Nikakubali. Nilikuwa na sababu zangu pia. Nilitaka mtu mmoja wa zamani abaki barabarani, hata kama mtu mwenyewe ni huyo.

Jumatano tulipanda. Nyuma ya pikapu kulikuwa na mapipa ya maji yamefungwa kamba, magunia ya chakula na mfuko wa nguo za mtoto. Karani alikuwa mwanamke wa umri wa binti zetu, amevaa buti, mwenye adabu na haraka. Alitusalimia shikamoo mmoja mmoja, akafunga mkanda, akatoa simu. Mpaka lami inaisha hakuinua kichwa. Nikamtazama dada yangu, dada yangu akatazama dirishani.

Nusu Pumzi akasimamisha gari palepale pa siku zote, akazima injini.

"Shukeni."

"Endelea tu, mzee, mimi nipo hapa," karani akasema, vidole bado vinaandika.

"Binti, hapa watu hushuka."

"Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo. Hushuka."

Dada yangu akakohoa. Karani akashuka. Nusu Pumzi akampa kifuniko cha valvu cha kwanza, naye akakishika kwa ncha za vidole bila kujua amepewa kazi gani. Tofali likatoka chini ya siti, likasimamishwa, kidole kikapimwa. Nusu Pumzi akabonyeza valvu.

Sasa, zamani kazi hii ilichukua muda. Upepo ulilia, yeye akiimba wimbo wake mmoja usioisha, na sisi tukipiga soga. Safari hii upepo ulilia kidogo tu, kama mtu aliyenyamazishwa msibani, na ubavu ukawa umegusa tofali. Akaacha kuimba. Akalitazama tofali. Akalitazama tairi. Akahamia la pili, likawa vilevile. La tatu, la nne, vilevile. Nikajua amejua kuna kitu hakiko sawa, na nikajua pia hatakisema.

Karani alitoa mfukoni kipima upepo, kile chenye uso wa saa na mshale, akakichomeka kwenye tairi la mbele.

"Mzee, bado limejaa. Umetoa kidogo sana."

"Tofali limegusa."

"Naona limegusa. Lakini matairi haya ubavu wake ni laini, yanatoa tumbo hata yakiwa yameshiba. Yale ya zamani yalikuwa magumu, mpaka yavimbe hivyo upepo mwingi ulikuwa umeshatoka. Tofali linapima tumbo, halipimi upepo."

Alisema kwa upole kabisa, na hilo lilikuwa baya zaidi. Angesema kwa jeuri tungepata pa kushika.

"Na hicho kijisaa chako," Nusu Pumzi akauliza, "kimevusha magari mangapi?"

"Baba," dada yangu akasema. Anapomwita baba mbele za watu ni onyo.

"Nauliza tu."

"Shemeji," nikamvuta pembeni, "toa kidogo zaidi. Nani atajua? Sema umeamua mwenyewe."

"Nikitoa zaidi tofali litakuwa limedanganya miaka yote."

"Halijadanganya. Matairi ndiyo yamebadilika."

"Basi wabadilishe matairi."

Hapo ndipo nilipotaka kurudi nyumbani kwa miguu. Mtu anapoteza kazi, mke wake anapoteza amani, watu kambini wanangoja maji, na yeye anatetea heshima ya tofali. Lakini alikuwa ameshapanda na kuwasha gari. Tukapanda.

Tulikwenda vizuri mpaka katikati ya bonde. Kisha gari likaanza kuwa zito, kama limeshikwa mkia. Nusu Pumzi akakanyaga mafuta, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwakataza madereva wote niliowahi kuwajua, na magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale, mchanga ukaruka, nyuma ya gari ikakaa chini taratibu. Injini ikazimwa. Karani akatazama simu yake, mtandao haukuwepo, akaizima.

Tukashuka. Mchanga ulikuwa wa moto mpaka ndani ya viatu. Nusu Pumzi akazunguka gari, mikono kiunoni.

"Mapipa yamepakiwa vibaya," akasema. "Uzito wote upo nyuma."

"Umeyapakia wewe," dada yangu akamjibu.

"Halafu mchanga wenyewe si ule. Mchanga wa zamani ulikuwa umeshikana. Huu wa siku hizi umelegea."

"Mchanga nao umeharibiwa na simu?"

Karani akageuka upande mwingine, mabega yakimtikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kuchimba kwa beleshi mbele ya gurudumu, na katika umri wangu mtu hachimbi huku anacheka. Tulichimba kwa zamu. Tukalaza magunia matupu mbele ya magurudumu. Nusu Pumzi akawasha, gari likasogea urefu wa mkono, likazama tena, chini zaidi. Magunia yakazikwa nasi tukarushiwa mchanga usoni.

Akashuka bila kutazama mtu, akaingiza mkono chini ya siti, akatoa tofali. Alitaka kupima upya. Nilimwona dada yangu akimtazama anavyoinama, mgongo umekunjika, anapangusa mchanga ubavuni mwa tairi ili kidole chake kipate pa kukaa. Dada yangu akaenda, akalichukua tofali mkononi mwake, akaliweka upande wenye kivuli cha gari, akalikalia.

"Nyanyuka. Nina kazi nalo."

"Na mimi nina kazi nalo. Nimechoka."

"Mama nanii, usinifanyie hivi mbele ya watu."

"Mbele ya watu gani? Huyu kaka yangu, amekuzoea. Na huyu binti ameletwa kuangalia kama unaweza kuvuka. Basi vuka. Mimi sijali unapima kwa nini. Pima kwa kiatu. Lakini leo nitamwona mjukuu wangu, na kesho asubuhi wewe utakwenda kazini. Husikii? Utakwenda kazini."

Alisema neno kazini kama mtu anayeomba chakula. Nusu Pumzi alimtazama mkewe. Nadhani siku hiyo ndipo alipoelewa kwamba mwanamke huyu hakuja kwa ajili ya nguo za mtoto.

Akapiga magoti kwenye tairi la nyuma, akafungua kifuniko, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Kiko wapi hicho kisaa?"

Karani akampa. Akakichomeka, akakisogeza mbali na macho, akakisogeza karibu.

"Wameandika vidogo makusudi."

"Nikusomee, mzee?"

"Soma."

"Arobaini."

"Arobaini," akarudia. Hata yeye alijua hiyo ni namba ya lami. Akabonyeza valvu. Upepo ukalia, na safari hii ukalia kweli. "Sasa?"

"Thelathini na mbili."

"Sasa?"

"Ishirini na saba. Shusha kidogo tena, tumebeba maji, tusishushe sana."

"Ninajua tumebeba maji. Nimeyapakia mimi." Akatoa kidogo tena, akafunga kabla hajaambiwa. "Sasa?"

"Hapohapo."

Wakaenda hivyo gurudumu kwa gurudumu, yeye akinung'unika, binti akisoma, matairi ya mbele yakilegezwa zaidi kwa kuwa hayakubeba mzigo. Nikamaliza kuchimba. Akawasha, akaweka gia nzito, akaachia klachi polepole kama mtu anayelaza mtoto, na gari likapanda kutoka shimoni kama halikuwahi kukwama. Hakusimama mpaka lilipofika ng'ambo kwenye udongo mgumu. Sisi tulifuata kwa miguu, dada yangu amebeba viatu mkononi. Tofali likabaki bondeni pale alipolikalia, na si mimi niliyelikumbusha.

Chini ya kilima cha mawe karani akataka tuendelee moja kwa moja, tumechelewa. Nusu Pumzi akakataa. Mawe, akasema, hayataki tairi lililojaa kabisa, linarukaruka na gari linakuvunja mgongo. Lakini likilegea kama tulivyolilegeza mchangani, ubavu unabanwa kati ya jiwe na ringi, unapasuka. Karani akasema ni kweli, hakubishana hata kidogo, akatoa pampu ya umeme. Wakaongeza upepo kidogo. Nilisikia Nusu Pumzi mwenyewe akiuliza, "Ngapi?" Aliuliza kwa sauti ya mtu anayelazimishwa kumeza dawa, lakini aliuliza. Kisha akamwambia binti atangulie mbele ya gari na kumwonyesha kwa mikono wapi gurudumu lipite, naye akaenda, akirudi kinyumenyume kati ya mawe, akipiga kelele kushoto, kushoto, hapo, njoo. Niliyaona hayo nikakumbuka watu wengi ambao sasa hawapo, nikakasirika bila kuwa na wa kumkasirikia.

Maji yakafika. Mtoto akaonwa, akavalishwa kila nguo iliyokuwa mfukoni. Siku ileile tukarudi, bonde tukalivuka bila kukwama, na pale lami inapoanzia Nusu Pumzi akasimama ili kujaza matairi upya kwa ajili ya mwendo wa lami. Pampu ikiwa inanguruma, karani akamgeukia.

"Mzee, ukweli ni kwamba tulikwama."

Dada yangu akaacha kukung'uta viatu.

"Tulikwama," Nusu Pumzi akasema.

"Lakini umetuvusha, na kule kwenye mawe sijawahi kuona mtu anaendesha vile. Ofisini nitasema ufunguo ubaki kwako. Kwa sharti moja. Kipimo kitumike kila safari, na mambo ya tofali yaishe."

Nusu Pumzi alizungusha pampu, akaangalia waya, akaangalia barabara. Mimi niliomba kimya kimya aseme ndiyo, neno fupi, neno ambalo hata mtoto wa siku chache anaweza kulitamka kwa kichwa. Dada yangu alikuwa amefumba macho.

"Sawa," akasema hatimaye. "Na mimi nina sharti."

"Mungu wangu," dada yangu akanong'ona.

"Sema, mzee."

"Wakati wa kupima, abiria wote washuke. Wote, hata akiwa mkubwa wa nani. Gari likiwa na watu ndani, kipimo kinadanganya."

Karani akafikiri. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa stoo, niliyekabidhi matairi na vipimo maisha yangu yote.

"Ni kweli, mzee?"

Si kweli. Uzito wa watu watatu wanne haubadilishi upepo wa tairi kiasi cha mshale kusogea. Najua hivyo, Nusu Pumzi anajua hivyo, na nikamwona anavyokaza macho kwenye pampu kama vile ndiyo mara ya kwanza kuiona. Dada yangu, ambaye hajui lolote kuhusu mishale, alinikanyaga mguu.

"Kinadanganya sana," nikasema.

Karani akaandika kwenye simu yake. Ofisi ikakubali, na sasa ni amri ya idara, kila dereva wa njia ile anashusha watu.

Juzi nimesafiri naye tena. Lami ilipoisha akazima injini, akasema shukeni, na abiria wakashuka wakilalamika kama watu waliofukuzwa nyumbani kwao. Mhasibu mpya, kijana mwenye suruali ya kubana, akataka kujua hii ni karne gani. Fundi wa umeme akasimama peke yake upande wa pili wa gari, ameinua simu juu akitafuta mtandao. Haukuwepo. Akamwuliza mhasibu kama wa kwake upo. Haukuwepo pia. Wakaanza kuilaani kampuni ya simu pamoja, kisha wakagundua wote wawili wamepanga nyumba mtaa mmoja, kwa mwenye nyumba mmoja yuleyule, mtu mbaya sana. Walipofika kwenye habari ya paa linalovuja, Nusu Pumzi alikuwa kwenye gurudumu la mwisho, kipimo mkononi, anatoa upepo polepole kuliko inavyohitajika.